Ua wa Mawe: Kazi Awezayo Mtu Mwenyewe

Mtu atokaye mji wa Kisii akishika barabara kuu ya kwenda Migori hufika Suneka baada ya mwendo mfupi, na akiiacha lami kidogo tu, kulia au kushoto, huingia katika miji ya watu. Nyumba nyingi siku hizi ni nzuri: kuta za matofali, bati juu, vioo madirishani. Lakini mbele ya mlango pana udongo mtupu. Wakati wa kiangazi udongo huo ni vumbi jekundu lipandalo hata vitandani. Wakati wa masika ni tope linaloshika viatu mpaka mtoto aendaye shule huacha kimoja njiani. Mwenye nyumba aliyetumia fedha nyingi kutia sakafu ya saruji ndani, kila siku huletewa ua wake sebuleni kwa miguu ya wageni.

Iko hasara nyingine isiyoonekana upesi. Kila alfajiri ua hufagiliwa, na ufagio hauchukui majani peke yake, bali huchukua na udongo. Kile kilichoachwa na ufagio kimelegea, nacho huchukuliwa na mvua. Baada ya miaka mingi utaona mawe ya msingi, yaliyokuwa yamefukiwa, yametokeza nje, na kizingiti cha mlango kimekuwa cha kupandwa kama ngazi. Watu husema nyumba imeinuka. Nyumba haikuinuka, ua ndio ulioshuka.

Tena huo ndio ua unaoanikwa mahindi, wimbi na karanga. Nafaka iliyoanikwa juu ya udongo hunyonya unyevu wa ardhi na kuokota mchanga na kuvu. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui, mahindi yaliyoingiwa na sumukuvu yaliwaugua­za watu 317, na 125 katika hao wakafa. Sitasema ya kuwa ua wa mawe peke yake ungaliwaokoa, maana ghala lenye unyevu huharibu hata nafaka iliyoanikwa vizuri. Nasema tu kwamba mahali pakavu pa kuanikia ni mwanzo wa nafaka kavu. Na funza je? Mdudu huyu hakuwa wa Afrika. Aliletwa kwa merikebu kutoka Brazil, akaingia Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha fika upande wetu wa mashariki. Hupenda vumbi kavu la ardhi tupu, na ua usiosakifiwa humpa makao bure.

Basi katika makala haya twaeleza jinsi mtu asiye fundi, ambaye hajapata kushika pima maji maishani mwake, awezavyo kuusakifu ua wake kwa mawe. Kazi yenyewe ni nzito lakini si ngumu kuelewa. Ila yampasa ajue jambo moja kabla ya kuinua sururu: ua wa mawe haushikwi na mawe yanayoonekana. Hushikwa na kifusi kilicho chini yake, na kwa kuyapa maji njia. Wengi waanzao hutafuta mawe mazuri ya juu kwa bidii, wakayalaza juu ya udongo siku moja, na masika ya kwanza yakapindua kila kitu.

MAWE GANI YAFAA

Jina la Kisii limefika Ulaya na Marekani kwa ajili ya jiwe moja, jiwe la sabuni la Tabaka, ambalo wachongaji hulifanya sahani, vikombe na sanamu. Kwa kuwa vipande vyake vilivyobaki hupatikana kwa urahisi, mtu huweza kushawishika kuvitandaza uani. Asifanye hivyo. Jiwe likubalilo kukatwa kwa msumeno na kuchongwa kwa kisu halitavumilia miguu ya watu, kwato za ng'ombe na magurudumu ya toroli. Tena likilowa huteleza, na mzee akianguka juu yake hatawashukuru waliolileta. Kama mtu anapenda rangi yake, alitie pembeni kando ya maua, mahali pasipokanyagwa.

Jiwe la ua na liwe gumu. Likwaruze kwa ncha ya msumari: likiacha mfereji mweupe wenye unga, liache. Kisha ligonge kwa nyundo. Jiwe zima hulia kama chuma, na lenye ufa ndani hutoa sauti nzito iliyokufa. Tafuta mawe yenye uso bapa walau upande mmoja, unene wa sentimita 5 hadi 8, na upana usiopungua urefu wa mkono toka kiwiko hadi kifundo. Jiwe dogo hupendeza likiwa mkononi lakini chini ya mguu huyumba. Mawe ya mviringo ya mtoni hayafai juu wala chini, na sababu yake tutaieleza mbele. Wala mtu asijichukulie mawe kando ya barabara ya umma au katika shamba la jirani bila ruhusa. Ua ulioanza kwa kesi hauna baraka.

Watu wengi watauliza kuhusu saruji. Maoni yangu ni kwamba anayeanza afadhali aiache. Saruji iliyomwagwa juu ya ardhi isiyoshindiliwa hupasuka, na ikipasuka hakuna dawa ila kuvunja na kuanza upya. Mawe yaliyolazwa makavu, moja likizama, hung'olewa hilo moja likarudishwa, na ua ukabaki mzima. Asiyeamini ya kuwa mawe yaweza kukaa bila chokaa wala saruji na asafiri hadi Thimlich Ohinga, katika jimbo jirani la Migori. Pale pana kuta za mawe makavu, nyingine zikipita kimo cha watu wawili, zilizojengwa yapata miaka 500 iliyopita, nazo zingali zimesimama. Mwaka 2018 UNESCO iliziandika katika orodha ya urithi wa dunia. Waliozijenga hawakuwa na kitu cha kugandisha. Walichagua kila jiwe likae juu ya mwenziwe, na vipande vidogo vikakaza nafasi za katikati. Sakafu ni ukuta uliolala, na kanuni ni ile ile.

NJIA YA MAJI

Tuseme ua ni wa mita 4 kwa 3, yaani mita 12 za mraba, kiasi cha kutosha viti sita na meza, au turubai la mahindi. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo mvua kubwa ya alasiri moja, ya milimita 50, itamwaga lita 600 juu ya ua huo mdogo, sawa na mapipa matatu ya lita 200. Na hiyo ni mvua ya ua peke yake. Nusu ya bati ikiwa na mita 15 za mraba na haina mifereji, huongeza lita 750 zinazoanguka zote katika mstari mmoja mbele ya mlango. Maji hayo hayana budi kwenda mahali, na mwenye ua asipochagua mahali penyewe, yatajichagulia, na mara nyingi huchagua ukuta.

Kwa hiyo ua uteremke kutoka nyumbani kwenda nje, sentimita 2 kwa kila mita. Katika upana wa mita 3 ukingo wa nje utakuwa chini ya ukingo wa ndani kwa sentimita 6. Jicho halitauona mteremko huo, wala kikombe hakitateleza mezani, lakini maji yatauona. Tena uso wa mawe, pale unapogusana na nyumba, uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hivi, ili matone yarukayo yasiloweshe ukuta. Hapa ndipo ua ulioshuka kwa kufagiliwa unapomfaa mwenyewe: mara nyingi kina kipo tayari, na kazi ya kuchimba hupungua.

Sharti pia kufikiri maji yakitoka uani yatafika wapi. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa katika Jimbo la Kisii kila kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 900. Kwa hesabu hiyo, aliye chini yako kilimani yuko karibu sana, na mfereji wako waweza kuwa mafuriko yake. Yaelekeze maji kwenye migomba, ambayo hunywa bila kushiba, au kwenye shimo lililojazwa mawe. Mwambie jirani kabla ya kuchimba. Wazee wengi wa vijiji wamekalia kesi za mipaka ambazo mwanzo wake ulikuwa mfereji.

Jambo jingine lihusulo nchi yetu ya vilima. Nyumba nyingi husimama juu ya kiwanja kilichokatwa mlimani: upande wa juu umechimbwa, na udongo uliotoka umetupwa upande wa chini kupata usawa. Upande uliochimbwa ni imara tangu kuumbwa kwa dunia. Upande uliojazwa ni mgeni, nao utaendelea kushuka kwa miezi mingi. Ukisakifu juu ya zote mbili upesi, ua utavunjika katikati kama mkate. Uache udongo wa kujaza unyeshewe masika mazima, uushindilie, ndipo uanze kazi Januari au Februari, mvua zinapopungua. Na mwenye kiwanja cha udongo mweusi wa bondeni, ule uvimbao ukilowa na kupasuka ukikauka, achimbe zaidi na kuongeza kifusi, au achague mahali pengine. Udongo wetu mwekundu wa vilimani hauna shida hiyo.

KUCHIMBA NA KUSHINDILIA

Piga vigingi vinne, funga kamba. Ili pembe ziwe sawasawa, mafundi wana hesabu ya zamani sana: pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, umbali toka ncha hadi ncha ukiwa mita 5 kamili, pembe ni sawa. Ua wetu wa mfano una vipimo hivyo hivyo, basi pima tu toka kona hadi kona. Kamba za pembeni zifungwe kwa mteremko ule wa sentimita 6. Asiye na pima maji ndefu atumie mpira mwembamba unaopenyesha nuru, aujaze maji pasiwe na povu ndani: maji katika ncha mbili za mpira husimama usawa mmoja daima, hata kama kuna kona ya nyumba katikati.

Sasa chimba sentimita 20 chini ya kamba. Udongo utakaotoka ni kama mita za ujazo mbili na nusu, nao ukilegea huongezeka, kwa hiyo uwe umekwisha amua utautupa wapi. Uliojaa samadi uende bustanini. Chini ya shimo kufuate mteremko ule ule wa juu, maana maji yatakayopenya katikati ya mawe nayo yanahitaji kushuka kwenda nje, wala yasikusanyike chini kama katika bakuli. Kisha shindilia ardhi yenyewe kabla ya kuweka chochote.

Juu yake huja kifusi: mawe yaliyovunjwavunjwa, makubwa yake yasizidi yai la kuku. Kwa ua wetu zitahitajika mita za ujazo moja na nusu, nazo zikishindiliwa zitabaki unene wa sentimita 10. Hapa ndipo tutaeleza kwa nini mawe ya mtoni hayafai. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mskochi mmoja, John Loudon McAdam, aliwafundisha Waingereza kujenga barabara kwa mawe madogo yaliyovunjwa, yenye ncha na kona. Kila gurudumu lililopita juu yake lilizidi kuyakaza, kona ya hili ikaingia ubavuni mwa lile, mpaka yakawa kitu kimoja. Jiwe la mviringo halina kona ya kumshika mwenziwe. Ulikanyage mwaka mzima, nalo litakuwa likiviringika tu.

Usimwage kifusi chote mara moja. Weka sentimita 5, nyunyiza maji kidogo, shindilia. Kisha weka tena 5. Kishindilio chaweza kutengenezwa kwa gogo zito la mti lenye mipini miwili. Hii ndiyo sehemu ya kazi inayochosha na isiyosifiwa na mtu, kwa kuwa itafunikwa. Nayo ndiyo itakayoamua kama ua utadumu. Kipimo chake ni rahisi: simama kwa kisigino kimoja ujizungushe. Kisigino kikiacha shimo, bado. Wenye majirani wema na waite risaga kama wazee walivyofanya wakati wa palizi. Watu sita watamaliza kabla ya chakula cha mchana, mradi chakula chenyewe kiwepo.

KULAZA MAWE

Juu ya kifusi tandaza mchanga, sentimita 3 hadi 4, au vumbi la kokoto litokalo kwenye machimbo. Wenye matofali ya saruji ya kiwandani huusawazisha mchanga kwa ubao ulionyooka, kwa sababu matofali yao yana unene mmoja. Mwenye mawe ya asili asijisumbue hivyo. Kila jiwe lake lina tumbo lake, na kila jiwe litatengenezewa kitanda chake peke yake.

Kwanza yatandaze mawe yote mahali peupe, uyaone. Kazi ya kuyaosha na kuyapanga kwa unene watoto huipenda. Mawe makubwa yawekwe kandokando, na madogo yaingie katikati. Wengi hufanya kinyume, wakajaza vipande vidogo ukingoni kwa kuwa ndiko nafasi zilikobaki, na mwezi haupiti kabla vipande hivyo havijatembea. Anza kwenye kona moja iliyo karibu na nyumba. Lisha mchanga chini ya jiwe, lilaze, weka kipande cha ubao juu yake, ugonge ubao kwa nyundo mpaka uso wa jiwe ufikie kamba. Kisha panda juu yake, uhamishe uzito mguu kwa mguu. Likiyumba hata kidogo, lisisamehewe. Linyanyue utazame mchanga: palipo na alama ya jiwe palibonyezwa, na pasipo na alama pana uwazi. Jaza pale. Kishawishi kikubwa ni kuchomeka vijiwe chini ya ukingo bila kulinyanyua. Jiwe litatulia siku ile, lakini chini yake litabaki pango, na maji hupenda mapango.

Nafasi kati ya jiwe na jiwe iwe upana wa kidole. Kona nne zisikutane mahali pamoja, wala nafasi zisifuatane katika mstari mrefu ulionyooka kuelekea chini, kwa sababu mstari huo utakuwa mto mdogo na kuuchukua mchanga wote. Jiwe lisipotoshea, lichore mstari, lipige kwa tindo taratibu juu ya mstari huo mara nyingi, uligeuze na kulipiga nyuma. Mwisho litaachia lenyewe. Pigo moja kubwa huvunja jiwe mahali linapotaka jiwe, si mahali unapotaka wewe. Vaa miwani ya kukinga macho, watoto wakae mbali, na ulilowanishe jiwe, maana vumbi la mawe magumu likivutwa siku nyingi huharibu mapafu.

Mawe ya ukingo wa nje ndiyo pekee ambayo ningekubali yatiwe saruji, yazamishwe wima ardhini, yazuie ua usifunguke upande wa chini ambako mteremko unausukuma. Asiye na saruji ayazamishe zaidi, nusu ya urefu wake na zaidi, na kuyashindilia kifusi nyuma. Ila yasitokeze juu ya uso wa ua yakawa boma la kuzuia maji.

Kwa hesabu ya jumla, mawe ya juu yatakuwa na uzito wa tani 2 hivi, na pamoja na kifusi na mchanga, mtu atakuwa amesogeza zaidi ya tani 5 kwa toroli, mbali na udongo uliotoka. Watu wawili wafanyao kazi jioni, na siku nzima isipokuwa ile ya ibada yao, iwe Jumamosi au Jumapili, wasitazamie kumaliza kabla ya majuma mawili au matatu. Jiwe kubwa lisiinuliwe kwa mgongo. Lisimamishwe na kutembezwa kwa pembe zake, au liburutwe juu ya gunia.

Mawe yakiisha kulala, mwaga vumbi la kokoto lililo kavu juu ya ua wote, ulifagie liingie katika nafasi, unyunyize maji, usubiri likauke, ufagie tena. Fanya hivi siku tatu au nne, mpaka nafasi zikatae kupokea zaidi. Ni muhimu zijae kabisa, kwani nafasi iliyobaki na vumbi legevu la udongo ni nyumba ile ile ya funza, ila imepewa paa la mawe. Chini ya ukingo wa bati, kama hakuna mifereji ya kukinga maji, usilaze mawe kabisa katika mstari wa matone. Acha hapo mfereji wa upana wa shibiri moja, uujaze kokoto nene, uendelee mpaka nje ya ua.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, toka na mwavuli utazame. Maji yakisimama mahali, weka alama ya chokaa juu ya jiwe lile, usiligusse bado. Ngoja masika yapite, kwa sababu ua mpya hushuka kidogo kila mahali, na jiwe lililoonekana kuzama mwezi wa Aprili huenda mwezi wa Juni likawa sawa na wenziwe. Mawe ambayo bado yana bwawa wakati huo yang'olewe kwa ncha ya sururu, moja moja, kitanda kiongezwe mchanga wa konzi mbili au tatu, yarudishwe, yapigwe kwa ubao na nyundo, na nafasi zake zifagiliwe vumbi la kokoto kama mwanzo.